Fomu ya Mistari Makumi Mbili

Kalonda, tarehe 12 mwezi wa tano 2024

Mudogo wangu wa tumbo moja Gédéon,

Habari ya huko Kasongo? Mulamu wangu Yvette iko muzima? Watoto wanasoma? Siye huku tuko wazima, Mungu asifiwe, ila mugongo wangu unanisumbua tangu tuanze kuvuna mupunga. Binti yangu Émérance anakusalimia sana. Ile miaka ine aliyokaa kwenu juu ya masomo imemuharibu: kila nikipika sombe ya majani ya mihogo ananiambia ya Mama Yvette ilikuwa na mawese mingi kuliko yangu. Mutoto wa kuzaa mwenyewe! Bwana yake Magloire naye anakusalimia.

Barua hii namupa Waridi, yule mama wa biashara mwenye kushuka Kasongo. Na wewe ukijibu mupe yeye. Simu huku mpaka upande mulima, na magoti yangu yamekataa mulima.

Ile fomu ya serikali uliyotuma imefika. Tumeisoma mbele ya watu wote kisha ya misa, hata Ayoubu mwenye duka alikuja na waislamu wake, wakasimama mulangoni kusikiliza. Watu wamefurahi kabisa. Machela mpya ya chuma, magile ya rangi ya kuvaa kifuani, na posho ya kila mwezi kwa wabebaji! Jirani yangu Emmanuella alipiga kigelegele mpaka katekista akamukamata mukono.

Sasa nikuulize. Fomu iko na mistari makumi mbili ya majina. Siye tuko nyumba makumi saba na tatu. Kazi yetu unaijua, wewe mwenyewe uliifanya mbele ya kwenda masomo. Chuma ya kuita watu ikilia, kila nyumba inatoa bega moja. Hakuna kuuliza mugonjwa ni wa nani. Watu wane wanainua kipoyi yetu ya miti na kamba, wengine wanafwata, wanapokezana kila mutoni mpaka hospitali, saa ine za mguu. Nyumba bila mwanaume, mama anabeba maji na chakula ya wabebaji. Mimi wananiita prezida juu ile chuma imefungwa mbele ya mulango wangu, hakuna sababu ingine. Sasa wale makumi tano na tatu wenye kubakia niwaandike wapi? Nyuma ya karatasi?

Nijibu upesi.

Yaya yako,
Léocadie


Kasongo, tarehe 3 mwezi wa sita 2024

Yaya mpendwa,

Waridi amenikabidhi barua yako bironi, kazini kwangu, nikaisoma nikicheka peke yangu hadi Gérard wa meza ya jirani akauliza kama nimepandishwa cheo. Yvette ni mzima. Mtoto wetu Cécilia alishikwa na surua lakini amepona, sasa anakula bila kusimama. Mwambie Émérance sombe yake inamngoja.

Kuhusu fomu. Yaya, masharti sikuyaandika mimi, yametoka juu. Siku hizi serikali haifanyi kazi na kikundi kisicho na karatasi. Zamani ilitosha kusema sisi ni watu wa Kalonda. Leo inatakiwa sheria za kikundi, muhuri, na orodha ya wabebaji wanaotambuliwa: watu makumi mbili, wenye miaka kumi na nane hadi makumi ine na tano, wanaojua kuandika majina yao. Hao ndio watakatiwa bima. Asiye kwenye orodha asiguse machela. Akiteleza akavunjika, serikali haitajibu, na wewe prezida ndiye utakayeulizwa.

Najua si rahisi. Chagua vijana wenye nguvu. Wazee wapumzike, wamebeba vya kutosha. Wengine tutawaandika katika awamu ya pili, nakuahidi. Tangu tuzaliwe, Kalonda imepata nini toka serikali? Hata daraja la miti hatujapewa. Miezi minane nimelisukuma dosie hili meza kwa meza, nimesalimia wakubwa wasiojua hata jina langu. Tafadhali usiniangushe kwa sababu ya mistari.

Mudogo wako,
Gédéon


Kalonda, tarehe 18 mwezi wa tisa 2024

Gédéon mudogo wangu,

Salamu mingi kwako, kwa Yvette na kwa Cécilia. Mvua imeanza, tumepanda karanga. Mbuzi yangu ile nyeusi imezaa mapacha.

Habari kubwa: Émérance iko na mimba ya miezi mitatu. Nafurahi na naogopa pamoja. Unakumbuka mutoto wake wa kwanza, damu vile ilitoka mpaka akazimia. Wabebaji walikimbia naye, walikuwa watu makumi tatu na zaidi, hawakusimama hata mutoni kunywa maji. Muganga alisema wazi: huyu asijaribu tena kuzaa nyumbani, azae tu hospitali, fasi kuko damu ya kumutilia. Nimehesabu, itakuwa mwisho wa mwezi wa tatu ao mwanzo wa mwezi wa ine. Tangu sasa silali muzuri.

Magile yamefika. Jamani, vijana wanayavaa hata sokoni! Raphaël, mutoto wa Emmanuella, sijui kama anavua gile yake akilala. Machela nayo ni nyepesi, posho inafika, hakuna la kusema.

Lakini sikia. Mwezi uliopita mzee Lukumani alishikwa na mushipa ya tumbo, analia kama mutoto. Nikapiga chuma. Vijana wakaja, wakaangalia karatasi yao, wakasema machela ni ya mama wenye mimba na watoto wadogo tu, mushipa haiko kwenye ripoti. Ayoubu akakasirika. Akaenda kutoa kipoyi ya zamani nyuma ya duka yake, wazee peke yao wakamubeba Lukumani mpaka wakafika. Unafikiri walipewa asante? Enfirmie, yule muuguzi wa hospitali, aliwagombeza mbele ya wagonjwa, eti kipoyi imekatazwa, eti hawako kwenye orodha. Ayoubu, mutu wa miaka makumi sita na nane, kugombezwa sawa mwizi wa mihogo! Alirudi akaniambia, “Mama Léocadie, toka leo mimi niko muuza chumvi. Ukipiga chuma, ita wenye magile.”

Na hayuko peke yake. Sasa chuma ikilia, mutu anainua kichwa, anasikiliza, anarudi kulima. Naona kwa macho yangu na inaniuma. Kazi ilikuwa ya watu wote, imekuwa ya watu makumi mbili. Ile awamu ya pili iko wapi?

Yaya yako,
Léocadie


Kasongo, tarehe 30 mwezi wa kumi 2024

Yaya mpendwa,

Nimesoma habari ya Émérance nikasimama, nikatembea bironi huku na huku. Yvette alilia kwa furaha, ameanza kutafuta nguo ndogo sokoni. Huyo si mwipwa wangu tu, ni mtoto aliyekulia kwenye meza yangu. Mambo ya Mungu ni mazuri.

Usiogope. Safari hii hatabebwa kwa miti na kamba. Kuna machela, kuna vijana waliofundishwa, kuna karatasi inayomtaja yeye hasa: mama mwenye mimba. Nani mwingine katika ukoo wetu aliwahi kutajwa kwenye karatasi ya serikali?

Kuhusu wazee, nakusikia. Waambie si dharau. Serikali ikitoa pesa inataka kuona majina, na mfadhili naye anataka kuona serikali imeona majina. Watazoea. Mwezi huu tulikuwa na mkutano mkubwa, na picha ya vijana wetu wa Kalonda imebandikwa ukutani, chini yake wameandika “mfano wa kuigwa”. Nilijivuna, sikufichi.

Awamu ya pili inajadiliwa.

Mudogo wako,
Gédéon


Kalonda, tarehe 10 mwezi wa kwanza 2025

Gédéon,

Heri ya mwaka mupya kwako na nyumba yako yote. Noeli ilipita vizuri, tulikula mbuzi moja. Émérance tumbo imekuwa kubwa, anatembea ameshika mugongo. Magloire amejenga jiko mupya ili asiinamie moshi.

Posho ya wabebaji haijafika tangu mwezi wa kumi na moja. Vijana wamenungunika. Mwanzo walibeba tu, kisha wakaanza kuuliza, sasa wanaondoka moja moja kwenda Lusangi kuchimba zahabu. Sikuwalaumu sana. Uliwafundisha kwamba bega iko na bei, sasa wanaingojea ile bei.

Niliita watu wote, nikajaribu kuuliza kama nyumba zingine zinaweza kurudi kusaidia kidogo. Weee! Walinijibu kwa heshima, lakini walinijibu. Mama mumoja alisema bwana yake anajua kusoma na bado hakuandikwa, basi wenye kuandikwa wabebe. Nimesema nitakuandikia. Habari gani ya ile pesa?

Yaya yako


Kasongo, tarehe 9 mwezi wa pili 2025

Yaya mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Sisi tunaendelea. Mvua za mwezi huu zimekuwa kali mno, upepo umeng'oa mabati mawili ya paa letu upande wa jikoni. Fundi aliyekuja wa kwanza alikuwa mlevi, tukamfukuza, wa pili ametaka misumari ya aina nyingine, na misumari hiyo Kasongo nzima haipo. Cécilia amekuwa wa tatu darasani. Yvette anakusalimia.

Kuhusu posho, mambo yanafuatwa. Waambie vijana wavumilie, iko njiani.

Jambo moja, Yaya. Nataka Émérance aje Kasongo azalie huku. Aje sasa, asingoje mwezi wa tatu. Atakaa nyumbani kwetu, hospitali iko karibu. Magloire amlete kwa piki-piki, mwenye piki-piki, yule motari, nitamlipa mimi. Yvette ameshatandika kitanda. Usiniulize mengi, nifanyie tu.

Mudogo wako,
Gédéon


Kalonda, tarehe 5 mwezi wa tatu 2025

Gédéon,

Barua yako imefanya wiki tatu njiani, Waridi alikwama juu daraja ya barabara ya Kasongo imeenda na maji. Pole na paa. Mungu awape misumari.

Émérance haendi Kasongo. Miguu yake imevimba, enfirmie amemukataza piki-piki. Na kwenda kukaa karibu na hospitali ya huku, nani atamupikia, na mutoto wake mwingine ana homa? Siku mbili juu ya piki-piki kwa barabara hii na tumbo ile, unataka nimuue?

Mimi nakujua tangu ukiwa unakojoa kwenye mukeka. Ukificha kitu, unaandika mambo mingi ya bure. Barua nzima mabati na misumari, kisha mustari moja juu ya posho. Nikuulize mbele ya Mungu: projé ya machela imekufa?

Ikiwa imekufa, sema. Sitakasirika. Nitatembea nyumba kwa nyumba, nitapiga magoti mbele ya Ayoubu, nitaomba musamaha, na watu watarudi. Ninawajua. Lakini siwezi kuomba musamaha leo, kesho posho ifike, wale wazee niwaambie tena wakae chini. Hiyo itakuwa matusi ya pili. Nilisimama mbele yao nikasema, “Gédéon ameandika, iko njiani.” Wananingojea mimi, na mimi nangojea wewe.

Mimba inaingia mwezi wa mwisho. Niandikie ndiyo ao hapana, hata kwa kipande cha karatasi.

Léocadie


Kasongo, tarehe 20 mwezi wa tatu 2025

Yaya,

Nimekusoma. Siwezi kuandika mengi, mkubwa wangu ametukataza kusema jambo lolote ambalo halijatangazwa. Mwisho wa mwezi kuna mkutano. Ngojea kidogo tu.

Paa tumelimaliza. Salamu kwa Émérance. Namwombea kila siku.

Gédéon


Kasongo, tarehe 2 mwezi wa ine 2025

Yaya Léocadie,

Leo siulizi habari ya mbuzi wala ya karanga. Uliniuliza ndiyo au hapana. Jibu ni ndiyo. Mradi umekufa.

Umekufa tangu tarehe 27 mwezi wa kwanza. Siku hiyo ilifika barua ya mistari minne: serikali imepanga fedha kwa mambo mengine kwa sababu ya vita, mfadhili naye ameondoka, kazi zote za vikundi vya jamii zisimame hadi habari nyingine. Niliisoma mara mbili, nikaiweka kwenye droo yangu, nikafunga kwa ufunguo. Mkubwa alisema tusitangaze, labda watabadilisha mawazo. Hiyo ni kweli, lakini haikuwa sababu yangu.

Sababu yangu ni aibu. Noeli nilikaa kwenye kiti cha mbele kanisani, watu wa Kalonda wanaoishi huku wakinishika mkono na kuniita mkubwa. Nilikuwa nimesema kwa kila mtu kwamba mimi ndiye niliyepeleka serikali kwetu. Ningesemaje sasa kwamba serikali imekuja, imewagawanya, imeondoka? Nikafikiri Émérance akija Kasongo, basi yeye ataokoka na mimi nitapata muda. Nilitaka kumwokoa bila kusema kweli. Ndivyo ilivyokuwa.

Ita watu, Yaya. Ita wote leo hii, usingoje kesho. Mwambie Ayoubu nimekosa mimi, si wewe. Orodha ichanwe. Barua hii nampa motari anayepita Lusangi, nimempa na pesa asilale njiani.

Nisamehe.

Gédéon


Kalonda, tarehe 11 mwezi wa ine 2025

Gédéon,

Motari wako alikwama kwenye maji, barua yako ilifika siku ya tatu ya matanga. Émérance hayuko tena. Amekufa siku ya posho, jumamosi tarehe 5. Tumemuzika kesho yake, siku ya mungu.

Nakuandikia vile ilikuwa, juu wewe ni mujomba yake na mujomba anapaswa kujua.

Uchungu ulimushika asubuhi, jua limetoka muzuri. Nikapiga chuma. Nikapiga mpaka mukono ukafa ganzi, nikahamisha mukono. Walikuja Magloire, na Raphaël na gile yake, na Emmanuella. Kisha Ayoubu akafunga duka, akaja. Na mimi. Watu watano. Kwa wale makumi mbili, kumi na nane walikuwa Lusangi ndani ya mashimo, mumoja analala na homa. Na zile nyumba zingine? Walisikia. Wote walisikia, Gédéon. Wameniambia wenyewe kwenye matanga, wanalia mbele yangu: tulikuwa shambani, tulisikia chuma, tukasema wenye magile watakwenda.

Tukamubeba. Wane chini ya machela, mumoja anapumzika, kisha tunabadilisha. Ile machela nyepesi ilikuwa nzito. Mutoni wa kwanza Ayoubu aliteleza, goti likapasuka, akainuka, akasema twende. Raphaël alivua gile, akaikunja, akaiweka chini ya kichwa ya Émérance. Kila hatua mia tunasimama. Watu watano hawakimbii.

Kisha mutoni wa pili mutoto akatoka, pale pale njiani, mwanaume, akalia kwa nguvu. Emmanuella alimupokea. Tukacheka hata, Mungu atusamehe, tulicheka. Kisha damu ikaanza kutoka.

Aliniuliza, “Mama, wengine wako nyuma?” Alifikiri ni sawa ile mara ya kwanza, kwamba kuko watu makumi tatu nyuma yetu. Nikamujibu, “Ndiyo mwanangu, wako nyuma, wanakuja.” Nyuma hakukuwa mutu. Hilo ndiyo neno la mwisho nilimuambia mutoto wangu, na ni uongo.

Hospitali tulifika naye ameshapoa.

Sasa sikia vizuri. Nimekosa na mimi. Nilikuwa na magoti ya kupiga mbele ya Ayoubu tangu mwezi wa tatu, sikuyapiga, juu ya kiburi na juu ya neno lako. Hiyo nitaibeba mwenyewe. Lakini wewe uliniona nauliza, na ulikuwa na jibu kwenye droo wiki tisa. Uliniandikia paa limemalizika. Nilisoma hiyo barua nikasema, basi, kama moyo wake unaweza kuwaza paa, projé haijakufa.

Magloire anataka mutoto aitwe Gédéon, desturi ya kumupa jina la mujomba. Nimekataa. Mutoto bado hana jina.

Uliandika nisamehe. Sijakusamehe.

Léocadie


Kasongo, tarehe 28 mwezi wa ine 2025

Yaya,

Barua hii nimeianza mara sita. Yvette hasemi nami, anapika na kuweka sahani mezani na kwenda zake. Biro imefungwa, sisi wote tumerudishwa nyumbani. Namtuma Waridi na kitenge, chumvi na maziwa ya kopo kwa ajili ya mtoto.

Nilitaka kuja kwenye matanga. Nilifika mpaka penye motari, nikapanda, nikashuka. Sijui kama bado nina ruhusa ya kusimama kwenye uwanja wako.

Gédéon


Kalonda, tarehe 22 mwezi wa tano 2025

Gédéon,

Vitu vimefika. Maziwa ilisaidia. Sasa muke wa Raphaël anamunyonyesha mutoto pamoja na wake, na ameanza kunenepa. Magloire amerudi kulima. Ayoubu goti bado inamusumbua, lakini anafungua duka. Mupunga wa mwaka huu ni kidogo.

Siku ya mungu iliyopita tulikutana, watu wa nyumba zote. Hakuna mutu alileta karatasi. Wenye magile waliyaleta, wakayaweka chini mbele ya kanisa, hakuna mutu aliyeyaokota. Vijana waliotoka Lusangi walisimama pembeni wakaangalia chini. Nikapiga magoti mbele ya Ayoubu na mbele ya wazee wote. Nilikuwa nimechelewa, lakini nilipiga. Ayoubu alininyanyua, akalia naye. Mutu muzima sawa yule, kulia mbele ya watoto!

Kisha tukarudisha kazi. Mashina ine ya nyumba, kila shina na wiki yake, ili pasiwe tena mutu wa kusema watakwenda wengine. Wakataja nyumba moja moja, na kila nyumba ikajibu jina la bega yake kwa sauti. Mzee Lukumani hawezi, akajibu mujukuu wake. Walipofika kwangu, katekista akasema, “Mama Léocadie ni mujane, atabeba maji kama zamani,” akataka kupita.

Nikamusimamisha. Nikasema nyumba yangu iko na bega. Wakauliza nani. Nikasema mudogo wangu Gédéon.

Kuko walioangaliana. Mama moja aligeuka akaondoka, simulaumu. Magloire aliinama, sikuona uso wake. Ndipo Ayoubu akauliza, “Atakuja?” Nikasema sijui. Nikasema hata hivyo muandike kwa mudomo, nyumba ya Léocadie, bega ni Gédéon.

Shina yetu inaanza siku ya kwanza ya mwezi ujao. Hutabeba karatasi, hutasimamia mutu, hutasema mbele ya mukutano. Utakaa kwangu, chuma ikilia utainuka, utashika muti wa kipoyi, utapita ile njia yote mpaka hospitali, na pale mutoni wa pili utajua ni wapi bila kuonyeshwa, juu Magloire amepanda maua.

Kuko watu hawatakusalimia. Mimi mwenyewe sijui nitakusalimia namna gani. Moyo wangu ukikukumbuka unawaka, kisha unakuhurumia, kisha unawaka tena.

Usinijibu kwa barua. Kuja.

Yaya yako,
Léocadie